Picha za habari: maswali ninayoulizwa kila nikishika kamera

Nimepiga picha za magazeti kwa miaka mingi, nyingi zake hapa Dar es Salaam. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi wa uandishi, na abiria wa daladala, na waombolezaji, na askari mmoja aliyekuwa ameshikilia begi langu. Nayajibu kama ninavyoyajibu mdomoni, ndiyo maana mengine yamekuwa marefu na mengine ni sentensi tatu.

Picha ya habari ni ipi hasa? Mbona na wa harusi anapiga watu walewale?

Wa harusi ameajiriwa na wenye sherehe. Kazi yake ni watu watoke wanapendeza, na akimwambia bwana harusi arudie kumvisha mwenzake pete hakuna atakayelalamika. Wa habari hana ruhusa ya kusema "rudia". Anachokipiga kimetokea, kingetokea hata asingekuwepo, na msomaji anaipokea picha kwa imani hiyo. Kamera inaweza kuwa ileile. Wengi wetu Jumamosi tunapiga harusi ili kodi ya nyumba ilipwe.

Picha moja inawezaje kubeba habari nzima?

Haiibebi nzima. Inabeba kipande kinachomfanya mtu aitafute iliyobaki.

Chukua ile ya mpiga picha Sam Nzima, Soweto huko Afrika Kusini, Juni 16, 1976. Wanafunzi walikuwa wanaandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakafyatua risasi. Katika picha kijana aliyevaa ovaroli anakuja mbio, amebeba mtoto aliyelegea mikononi. Pembeni yake anakimbia msichana wa sare ya shule, kiganja amekiinua, mdomo wazi. Aliyebebwa ni Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Aliyembeba ni Mbuyisa Makhubo. Msichana ni Antoinette, dada yake Hector.

Sasa tazama visivyokuwemo. Polisi hawamo. Bunduki haimo. Bango la maandamano halimo. Kuna watu watatu tu, lakini ukiutazama ule mwili uliolegea unaona kifo, ukitazama miguu ya Makhubo unaona mtu ambaye bado hajakata tamaa, ukitazama mkono wa yule dada unasikia kelele. Halafu unauliza mwenyewe, bila kusukumwa: nani kawafanyia hivi watoto wa shule? Ukishauliza hivyo, picha imemaliza kazi yake, na habari ya maandishi inaanzia hapo. Nzima alikuwa na akili ya kuuficha mkanda kwenye soksi, kwa sababu alijua polisi wangezitafuta kamera.

Zipo habari ambazo fremu moja haiziwezi. Ukame, soko linalovunjwa, ugonjwa wa muda mrefu: hapo tunapiga mfululizo, picha simulizi. Kosa ninaloliona kwa vijana ni kuleta picha kumi zinazosema neno moja. Mvua zikinyesha Dar, bonde la Msimbazi likajaa, naletewa picha kumi za maji ya Jangwani. Maji, maji, maji. Moja inatosha. Nileteeni godoro lililopandishwa juu ya bati. Nileteeni madaftari ya mtoto yaliyoanikwa kwenye kamba pamoja na nguo. Nileteeni mikono ya mama anayekomba tope kwa sufuria ileile atakayopikia usiku. Halafu rudini baada ya wiki mbili, maji yamekwisha na waandishi wameondoka, mpige alama ya tope ukutani na mtu amekaa chini yake anakula. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi hawaipigi, na ndiyo inayoonyesha kwamba watu hawa wanaishi pale, hawakuletwa na mafuriko.

Ni nini kinachoifanya picha iwe kubwa?

Kwangu ni ile unayoirudia kuitazama bila kuambiwa. Nikitakiwa kutaja moja ya karibu miaka hii, nitataja ya Yasuyoshi Chiba, Mjapani wa shirika la habari la AFP aliyekuwa akifanyia kazi Nairobi. Juni 19, 2019 alikuwa Khartoum. Siku 16 zilikuwa zimepita tangu waandamanaji washambuliwe na kuuawa. Umeme ulikuwa umekatika. Gizani vijana wamesimama duara, wamewasha taa za simu, na katikati kijana mmoja ameweka mkono kifuani anaghani shairi la maandamano, wenzake wakidai utawala wa kiraia. Mwanga wote uliomo kwenye picha umetoka mikononi mwa watu waliokuwepo. Mwaka 2020 ilichaguliwa kuwa Picha ya Mwaka ya World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari.

Inanishika kwa sababu mwanga wenyewe ndio habari. Serikali imezima, watu wamewasha. Chiba angetumia fleshi yake, tungeona sura za watu vizuri zaidi na tungekosa kila kitu.

Kuna mambo ya ufundi yanayosaidia: mistari inayopeleka jicho mahali, nafasi mbele ya mtu anayetembea, usuli, yaani kilicho nyuma ya mtu, usio na nguzo inayoota kichwani mwa waziri. Yajifunzeni, hayachukui mwezi. Kinachochukua miaka ni kusubiri. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliifanya dunia nzima izungumzie ile nukta ambapo kila kitu kinakaa mahali pake kwa sekunde moja kisha kinavurugika. Vijana wanadhani ni kipaji cha kuzaliwa. Mara nyingi ni hivi: unachagua usuli kwanza, unasimama, unangoja maisha yaingie ndani ya fremu. Unaweza kusimama saa nzima na jua linakupiga kisogoni, na pengine asipite mtu.

Robert Capa, aliyepiga picha za vita vingi kabla ya wengi wetu kuzaliwa, alikuwa akisema kama picha zako si nzuri basi hukusogea vya kutosha. Ni kweli, na wanaotegemea lenzi ndefu wangepaswa kuliandika kwenye begi. Ila Capa mwenyewe alikanyaga bomu la ardhini huko Indochina mwaka 1954 akafa, kwa hiyo ushauri ule una mpaka wake.

Si bahati tu? Ulikuwa pale, ukabonyeza.

Kuwa pale ndiyo kazi yenyewe.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, waziri wa Kenya Tom Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue, Nairobi. Mpiga picha Mohamed Amin alifika baada ya dakika chache, akapiga picha Mboya akihangaikiwa ndani ya ambulansi. Waweza kusema ni bahati. Lakini mtu huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa Dar, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapahapa mwaka 1963, na mwaka 1966 akasota jela Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi yake. Mtu wa namna hiyo akipata fununu huwa ameshashika funguo za gari.

Oktoba 1984 alikuwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji wa BBC Michael Buerk. Picha zao za njaa, za video safari hii, zilionyeshwa Oktoba 23, na mwaka uliofuata dunia ikaandaa lile tamasha kubwa la muziki la kuchangia wenye njaa, Live Aid. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Aliendelea kupiga kwa mkono wa bandia. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Ngazija. Ukisoma maisha kama hayo, neno bahati linakosa pa kukaa.

Ninunue kamera gani?

Uliyonayo. Simu ya kawaida inatosha kujifunza kuona, na wahariri wanapokea picha za simu kila siku. Ukipata hela, nunua kamera iliyotumika yenye lenzi moja ya milimita 35 au 50, halafu hela inayobaki iwe nauli. Nauli imenipa picha nyingi kuliko lenzi.

Mbona watu weusi wanatoka kama vivuli kwenye picha zangu?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Kamera inapopima mwanga inadhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Dawa: pima mwanga kwenye uso, ukuta uungue ukitaka kuungua. Au mgeuze mtu, umtafutie usuli wa rangi iliyokolea, mwanga umjie kwa ubavuni. Ngozi nyeusi inapendeza inaporudisha mwanga wa dirisha. Uipige kwa fleshi ya usoni na unaiua.

Jua letu nalo lina tabia zake. Vitabu vya Ulaya vinasifu saa ya dhahabu kama kwamba ni saa kweli. Huku karibu na ikweta jua linachomoza haraka na kuzama haraka. Saa moja asubuhi mwanga ni mtamu, saa tatu umeshakuwa mkali, saa sita jua liko utosini na macho ya kila mtu yamekuwa mashimo. Saa sita ingia kivulini, chini ya mwembe au kibarazani, upige huko.

Kuna na historia isiyopendeza. Filamu za rangi kwa miaka mingi zilipimwa kwa sura za wanawake wa Kizungu. Na kuna kamera ya Polaroid iliyoitwa ID-2, yenye kitufe cha kuongeza nguvu ya fleshi, iliyotumika Afrika Kusini kupiga picha za vile vitambulisho vya pasi walivyolazimishwa kubeba Waafrika. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha kampeni ya kuigomea, na mwaka 1977 kampuni ikajiondoa Afrika Kusini. Kitufe kilekile ambacho kingeweza kutusaidia kuonekana kilitumika kutuhesabu.

Mbona magazeti yetu yamejaa picha za hundi?

Mnanichokoza. "Mgeni rasmi (wa tatu kulia) akipokea mfano wa hundi kutoka kwa meneja (wa pili kushoto). Wanaoshuhudia ni wajumbe wa kamati." Nimepiga mamia ya hizo. Na za utepe, na za jiwe la msingi, na za viongozi wakipanda miti ambayo sijui nani aliimwagilia.

Zinapigwa kwa sababu ni rahisi, zina uhakika, waandaaji wanatoa usafiri na mara nyingine bahasha ya mshiko, na mpiga picha anayelipwa kwa kila picha iliyotoka hana ubavu wa kukataa. Siwezi kumlaumu sana. Ila nilichojifunza ni kubaki nusu saa baada ya hundi. Mgeni rasmi akishaondoka, watu wa kijijini wanakizunguka kile kibao cha hundi, watoto wanakipima kwa urefu wao, mzee mmoja anauliza benki gani itakipokea. Piga hiyo. Mpelekee mhariri zote mbili. Mara tisa atatumia ya utepe. Mara ya kumi ndiyo watu wataikata na kuihifadhi.

Maelezo ya picha ni kazi ya mwandishi au ya mpiga picha?

Ya mpiga picha, na akiyaacha anafanya nusu ya kazi. Nani, wapi, lini, anafanya nini, na jina linaandikwaje. Yaandike palepale.

Mimi nililipa ada ya somo hili soko la samaki la Feri. Asubuhi moja kwenye mnada nilimpiga mama wa makamo ameinua mkono juu, noti zimebanwa vidoleni, mdomo wazi. Picha ina nguvu kama nini! Nikakimbilia ofisini. Mhariri akauliza, "Huyu nani?" Sikuwa na jina. Nikaandika kwa kukisia: mfanyabiashara wa samaki akishangilia baada ya kushinda mnada. Ikatoka kubwa. Baada ya kama mwezi nikapita tena Feri, akanijua kwa kamera. "Mwanangu," akasema, "siku ile dalali kaniruka, samaki kampa mwingine. Mimi nimekula hasara, wewe ukaniandika nashangilia." Soko zima lilikuwa limemtania kwa wiki nzima.

Hata wakubwa wameanguka hapo. Machi 1993 Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga huko Ayod, ambako leo ni Sudan Kusini, mtoto aliyeinama chini kwa njaa na tumbusi amesimama nyuma yake. Maelezo yalisema ni mtoto wa kike. Dunia ikamwita hivyo kwa miaka 18, mpaka mwaka 2011 waandishi wa Kihispania walipokwenda kijijini kwake wakaambiwa na baba yake kwamba alikuwa wa kiume, anaitwa Kong Nyong, na kwamba hakufa siku ile. Alikua, akaja kufa kwa homa baadaye. Na tazama picha yenyewe: mkononi ana bangili ya plastiki, ya watoto waliosajiliwa kituo cha chakula. Jibu la nusu ya maswali ambayo watu walimrushia Carter lilikuwa ndani ya fremu, likikosa sentensi moja ya kulisema.

Mtu anakufa mbele yako. Unapiga au unasaidia?

Kama mikono yangu ndiyo pekee iliyopo, kamera inakwenda chini. Kama kuna waliojua zaidi wanasaidia, napiga, kwa sababu mimi kuongezeka pale ni kuwasumbua. Jibu hili nalisema kwa urahisi hapa. Barabarani, kwenye ajali ya basi, linachukua sekunde mbili na unalibeba usiku mzima.

Carter alisimulia kwamba alingoja kama dakika 20 ili tumbusi akunjue mabawa, kisha akamfukuza. Barua na simu zilimiminika gazetini kuuliza mtoto alipatwa na nini. Picha ilipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1994, na Julai mwaka huohuo Carter alijiua. Watu hupenda kuunganisha hayo mawili kama sababu na matokeo. Alikuwa na mizigo mingine mingi, ya madeni na ya rafiki aliyeuawa kazini, kwa hiyo mimi siunganishi.

Kisa ninachokirudia zaidi ni cha Mwingereza George Rodger. Aprili 1945 aliingia Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, na wanajeshi wa nchi yake. Akajikuta anatafuta pembe nzuri ya maiti zilizorundikana, anazipanga machoni kama mtu anayepanga matunda mezani. Alipojigundua, aliapa kutopiga picha za vita tena. Akaja Afrika, na mwaka 1949 akapiga picha za Wanuba wa Kordofan, Sudan. Ukianza kuona mwili wa mtu kama umbo tu, nenda nyumbani.

Picha za maiti zichapishwe?

Zipigwe. Kuchapisha ni jambo jingine, na hapo tunakosea pande zote mbili. Jaribu kujiuliza kama mama wa marehemu ataipata habari ya kifo kwa kuiona picha yako. Na kama marehemu angekuwa mtoto wa mwenye gazeti, ingetoka hivyohivyo? Za watu wa mbali na za maskini hutoka bila kufunikwa, za wenye majina zinafichwa. Ndiyo maana wengine wanailaumu mpaka leo namna njaa ya Korem ilivyoonyeshwa, kana kwamba Waethiopia walikuwa matumbo tu. Lakini bila picha zile chakula kingechelewa zaidi. Siwezi kuzipatanisha hoja hizo mbili.

Upande wa pili, kuficha kila kitu nako ni uongo. Boniface Mwangi alipiga ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100. Magazeti hayakuchapisha mengi ya aliyoyaona. Akazichapa kubwa, akazisambaza mijini kwa maonyesho aliyoyaita Picha Mtaani, ili watu wazitazame wakiwa wamesimama barabarani, jirani pembeni ya jirani. Damu ileile, lakini unaitazama ukiwa umezungukwa na watu inaowahusu. Huwezi kuipitisha kwa kidole gumba.

Kupanga picha na kuhariri kunaruhusiwa?

Ukimpiga mtu picha ya sura ofisini kwake, mweke karibu na dirisha, hakuna tatizo, msomaji anaona kwamba amekaa kupigwa. Ile ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964, ni tukio lililopangwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Haidanganyi mtu, kwa sababu ni sherehe na inajulikana ni sherehe. Uongo ni kumpanga mtu kisha kujifanya umemkuta.

Kwenye kompyuta: kuongeza mwanga kidogo, kurekebisha rangi, sawa. Kufuta au kuongeza kitu, hapana. Januari 2014 shirika la habari la AP lilimwacha Narciso Contreras, aliyekuwa katika timu iliyoshinda Pulitzer kwa picha za Syria, kwa sababu alifuta kamera ya video ya mwenzake kwenye kona ya picha. Walikagua picha zake karibu 500, wakaikuta hiyo moja tu. Ilitosha.

Kukata kingo kunaruhusiwa, na ndipo wengi wetu tunapodanganya bila kugusa hata nukta moja.

Nitajuaje picha ya WhatsApp ni ya kweli?

Kwanza iweke kwenye utafutaji wa picha wa Google au TinEye uone kama ilishatoka zamani. Picha nyingi za uongo ni za kweli: zimehamishwa tu mwaka na nchi. Kisha soma mazingira. Namba za magari, lugha ya mabango, magari yanapita kushoto au kulia, sare za polisi ni za nani, vivuli vinasema saa ngapi. Usitegemee taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya faili, kwa sababu WhatsApp huzifuta picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwombe mtumaji aitume kama faili la hati, na aitume na picha za kabla na za baada. Aliyekuwepo kweli hakupiga moja.

Akili mnemba itatuondoa kazini?

Itawaondoa wa picha za matangazo kwanza. Kwa habari, kompyuta inaweza kuchora mafuriko mazuri kuliko ya Jangwani, lakini haikuwa Jangwani. Tangu 2023 zimetoka kamera zinazotia muhuri wa kidijitali unaoonyesha picha ilipigwa na kamera ipi na ikaguswa wapi. Ni ghali, na kwetu zitachelewa. Kwa sasa muhuri wako ni jina lako na simu ya mtu uliyempiga.

Nahitaji ruhusa kumpiga mtu barabarani?

Kwa tukio la hadharani, kwa kawaida hapana. Kambi za jeshi na mahali penye bango la katazo, usijaribu ushujaa. Watoto ni jambo jingine kabisa: mwaka 2023 ofisi ya ulinzi wa data ya Kenya ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zaidi ya sheria kuna adabu. Salimia. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha" inafungua milango ambayo kitambulisho cha uandishi hakifungui. Akikataa, amekataa.

Kazi hii ni hatari?

Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake. Picha zilizopigwa dakika hizo, zikimwonyesha amezungukwa na polisi, zilizunguka nchi nzima. Mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Waandishi wenzake Mwangosi walioshika kamera siku ile hawakukimbia mapema. Sina cha kuongeza, ila: usiende peke yako, na mtu ofisini ajue uko wapi.

Picha yangu imechukuliwa bila malipo. Nifanye nini?

Tunza faili asilia, andika kwa heshima ukiambatisha ankara, kisha nenda ofisi ya hakimiliki. Itachukua muda. Nzima, ambaye picha yake ilizunguka dunia, alisumbuliwa na polisi mpaka akaacha kazi na kurudi kwao Lilydale, na haki ya picha ile aliipata mwaka 1998, miaka 22 baada ya kuipiga. Kabla hujaajiriwa, soma mkataba unasema picha ni za nani.

Na mimi hiyo picha nitaipataje?

Hili hawaulizi wanafunzi. Wanauliza ninaowapiga, na ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Kwa miaka mingi tulijibu "nitakuletea" tukapotea. Makhubo, yule kijana wa ovaroli, alilazimika kukimbia nchi kwa sababu ya picha ambayo hakuomba. Mama yake alipata barua ya mwisho kutoka Nigeria mwaka 1978, kisha kimya. Watu wanatoa kitu wanapokubali kupigwa.

Siku hizi naituma kwa simu palepale. Kwa wazee nasafisha nakala studio, maana picha ya kushika ndiyo picha. Yule mama wa Feri nilimpelekea yake, kubwa, ndani ya bahasha. Akafuta mikono kwenye kanga, akaitazama muda mrefu, akaigeuza hata nyuma.

"Nzuri," akasema. "Na dalali yuko wapi?"

Alikuwepo, upande wa kushoto, amempa mgongo. Nilikuwa nimemkata ili picha ipendeze. Wiki iliyofuata nikampelekea fremu nzima.